Nyumba Iliyotolewa Majini

Siku Beddu aliporudi Muara Lappo, mnyama aliyewekwa mtoni ili kuwararua wezi alimpokea kama mbwa anavyompokea bwana wake.

Ilikuwa asubuhi ya bamvua. Bahari ilikuwa imepanda nusu ya nguzo za nyumba, na kila mwenye nguvu alikuwa kwenye malango ya mabwawa, kwa kuwa katika delta ile kamba huvunwa wakati huo tu. Maji mapya huingizwa bwawani, kamba huamka kutoka kwenye tope, na bahari inapoanza kurudi nao huifuata, wakajikuta ndani ya wavu uliotandazwa langoni. Ukipitwa na bamvua moja, unasubiri lingine ukiwa na kiu, maana Muara Lappo hapakuwa tena na maji matamu. Kisima cha mwisho kiliingiwa na chumvi zamani. Watu waliishi kwa maji yaliyoletwa na meli ndogo kutoka juu ya mto, na wenye meli hawakukubali kitu kingine isipokuwa kamba.

Rennu alikuwa juu ya tuta, ameshika mnyororo wa lango. Chini yake, maji yakimfika kifuani, mkwewe Patarai alikuwa akiuweka wavu sawa huku akisema kwamba mtoto wake akizaliwa wa kiume atamfunga kiunoni kwa kipande cha wavu huu huu, asije akakimbia kazi kama babu zake. Rennu alimwambia awaache babu za watu walale. Walikuwa bado wanacheka mashua tatu zilipotokea kwenye kona ya minipa, mitende ya matopeni.

Hakuna aliyekimbia. Watu waliacha kazi wakatazama, na wengine wakapanda tuta ili waone vizuri, kwa sababu katikati ya mkondo alikuwapo Pacha.

Mwili wake ulikuwa wa mamba, mrefu kuliko mtumbwi wa watu sita, lakini hakuna mamba aliyemzaa. Wataalamu wa pwani waliikuza nyama yake ndani ya matangi, wakampa ngozi isiyopitisha risasi na ubongo ambao nusu yake ni mashine. Kila kijiji cha delta kilipewa mmoja wakati bahari ilipopanda na wezi wakawa wengi kuliko polisi. Hakuona vizuri. Alionja maji. Tone moja la jasho au damu lilimtosha kujua kama mtu ni wa kijiji au mgeni, na mgeni aliyevuka alama za mpaka wa kijiji bila ruhusa hakupewa nafasi ya kujieleza. Mwaka uliopita mashua ya wezi ilivuka alama hizo, na jioni yake watu waliokota kiatu chenye mguu ndani.

Pacha aliinuka. Mgongo wake ulipasua maji, mdomo ukafunguka kidogo ili maji yapite katikati ya meno, na watu wakangoja. Kisha akaufunga mdomo, akajilaza kando ya mkondo, akaziacha mashua zipite.

Mbele ya mashua ya kwanza alisimama mwanamume aliyenyoosha mkono juu ya maji. Alikuwa amejichanja kutoka kiwikoni hadi kwenye kiganja, na damu ilikuwa ikidondoka mbele ya chombo bila kukoma. Damu ya mtu wa kijiji ikitangulia, chombo kizima kilihesabiwa kuwa chake. Rennu aliujua usimamaji ule kabla hajauona uso. Yeye ndiye aliyemfundisha kusimama hivyo mtumbwini, baada ya mama yao kufa na kumwachia mdogo wake Beddu akiwa bado ananyonya.

Patarai alikuwa wa kwanza kuelewa. Alipiga kelele watu wakimbie, akaanza kupanda tuta, na risasi ikampiga shingoni wakati mkono wake umeushika mguu wa Rennu. Hakuuachia. Alimvuta chini pamoja naye. Rennu akaanguka katika maji yaliyokuwa yamekwisha kuwa mekundu, akasikia vidole vya mkwewe vikilegea kimoja kimoja juu ya ngozi yake.

Alipotoa kichwa, watu wa Beddu walikuwa kila mahali. Walikuwa na bunduki chache na vyuma vingi. Mzee mmoja mshona nyavu walimvunja mikono yote miwili juu ya ubao wa lango, mmoja akimshika na mwingine akipiga, bila hasira, kama watu wanaopasua kuni. Mwanamke aliyelala juu ya tenga lake la kamba ili wasilichukue alikatwa panga la bega, wakamsukuma pembeni kwa mguu, wakachukua tenga. Na Pacha alikuwa palepale, damu ya majirani ikimpitia mdomoni, ametulia. Kwake yeye hapakuwa na mgeni.

Beddu alimtoa dada yake majini kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amekonda, midomo imepauka, na kitambaa alichojifunga mkononi kilikuwa kinalowa.

“Wanakulisha nini hawa, Dada?” alisema. “Umebaki mifupa.”

Rennu alimwonyesha maiti iliyokuwa ikielea na kugonga lango. Akamwambia huyo ni mume wa Cenning, binti yake wa pekee, na Cenning ana mimba. Beddu aliutazama uso wa Patarai kwa muda. Alisema aliwakataza watu wake wasimguse yeyote wa nyumba yao, lakini huyu hakumjua, harusi ilifanyika yeye akiwa amekwisha fukuzwa. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. Kisha akapandisha sauti, wengine nao wasikie.

“Bamvua lijalo sitakuja kuchukua. Nitakuja kukaa. Waondoke wote. Wewe na Cenning mbaki, mabwawa yatakuwa yetu.”

“Na wasipoondoka?”

“Si umeona?”

*

Walimzika Patarai kwenye tuta la juu, mahali pekee ambapo kaburi halijai maji, kisha wakakutana nyumbani kwa mkuu wa kijiji, Ambo Sakka. Hakuna aliyeuliza kwa nini Pacha hakushambulia. Wote walijua, na wote walikuwa wameshiriki.

Pacha alipoletwa, wataalamu waliagiza kila mtu amlishe kwa mkono wake mwenyewe, chakula chenye tone la damu yake, ili amjue mmoja mmoja. Watu waliitikia kwa heshima. Wataalamu walipoondoka, wakafanya wanavyojua wao. Tangu mababu zao walipovuka kutoka kisiwa cha Sulawesi, watu wale wameamini kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na pacha wa mamba ambaye huenda kuishi mtoni. Ndugu huyo hasalimiwi na mtu mmoja mmoja, kama karani anayepokea watu dirishani. Husalimiwa na nyumba. Binti mkubwa wa nyumba huchanganya wali wa manjano na yai katika bakuli moja, akayataja majina yote, akalisha kwa mkono wake. Kwa hiyo kila nyumba ilidondosha damu yake katika bakuli moja, na watu wakafurahi kwamba safari hii wakubwa wamewaletea kitu kinachoeleweka. Hata jina la Pacha lilitoka hapo.

Basi mnyama hakujifunza watu. Alijifunza nyumba. Na siku Rennu alipolisha, Beddu alikuwa bado wa nyumba yao, ameketi ngazini akinyonya kidole alichojitoboa.

Miaka iliyofuata ndipo alipoikata mikoko ya ukingo ili apanue bwawa lake. Bahari ikapita katika pengo hilo, ikachukua nyumba mbili na waliokuwa wamelala ndani. Kijiji kilimchomea nyumba yake, kikampandisha kwenye mtumbwi, kikamwambia asirudi. Rennu alimpelekea nguo zake mpaka ukingoni, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo.

Sasa Ambo Sakka alieleza alichoambiwa na wataalamu kwa redio. Kulikuwa na kidonge kichungu, alichopewa akitunze tangu siku ya kwanza. Pacha akikila kidonge hicho pamoja na damu ya mtu, damu hiyo huwa ya mgeni kuanzia hapo na haibadiliki tena. Ni lazima kitoke katika mkono uliolisha mwanzo, vinginevyo Pacha atakitema. Lakini kwa jinsi walivyomlisha, wataalamu walisema, huwezi kumtoa mtu mmoja. Ukimtoa Beddu, watatoka wote wa tumbo la mama yake. Atatoka Rennu, atatoka Cenning, na atatoka aliyemo tumboni mwa Cenning.

Watu walitazama miguu yao. Katika Muara Lappo hakuna njia isiyo ya maji. Mtu huoga majini, huenda kwa jirani kwa maji, huzaliwa nyumba ikitikiswa na maji. Na Pacha alitengenezwa aishi miaka mingi kuliko kila mtu aliyekuwamo chumbani.

“Siamuru, binti yangu,” Ambo Sakka alisema. “Hili haliamriwi.”

Rennu alijibu kwamba anamshukuru kwa kutokuamuru, lakini kidonge amekwisha kiweka mbele yake. Kuna aliyecheka kidogo. Mwanamke mmoja alisema ana ndugu juu ya mto, kwenye nchi kavu, watapata chumba na kipande cha shamba la mihogo. Rennu aliuliza kama kuna aliyewahi kumwona akilima. Maneno yalikuwa yanamtoka hovyo, akijua kwamba anazungumza ili asifikiri. Alikuwa anamwona Beddu mchanga mgongoni mwake, mdomo umelowa wali aliomtafunia yeye.

Ndipo Cenning alipozungumza. Alikuwa ameketi mlangoni, bado ana tope la kaburi kwenye vidole.

“Mama, mwanangu atazaliwa hana baba. Mto akiukosa, ataishi.”

Rennu akakichukua kidonge. Akaweka sharti moja: akikwisha kulisha, atakwenda kumwambia Beddu kwa mdomo wake kwamba damu yake si kinga tena. Chumba kizima kikapinga. Ambo Sakka alimweleza polepole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, kwamba Beddu akijua hatakuja.

“Si ndivyo tunavyotaka, Daeng?” Rennu alimuuliza, akimwita kwa heshima ya wakubwa wao. “Asije?”

“Hatakuja bamvua hili. Atatafuta njia nyingine, na bamvua jingine atakuja. Mtu kama yule haambiwi, anamalizwa.”

“Kwa hiyo hunipi kidonge cha kulinda kijiji. Unanipa cha kuua.”

Ambo Sakka hakuwa mtu mbaya. Alisema mashua zote zitafungwa minyororo mpaka bamvua lipite.

*

Alilisha mchana, kwenye ngazi ya nyumba yake, watu wakitazama kutoka kwenye varanda zao. Alipika wali wa manjano kama kawaida. Alijitoboa kidole cha kushoto, akaidondosha damu, akakivunja kidonge katikati ya yai. Kisha akaligonga gogo la ngazi, na Pacha akaja.

Alikuja taratibu, pua juu, kama alivyokuja kila mwaka. Rennu aliyataja majina. Alianza la mama yake, akafuata lake, la Beddu, la Cenning. La mtoto hakuwa nalo, akasema tu “na huyu.” Akanyoosha mkono wa kulia, na mdomo ule mkubwa ukapokea tonge kwa upole uliokuwa ukimshangaza kila mara.

Pacha alizama. Maji yakatulia. Rennu alibaki ameinama, akifikiri kwamba huenda kidonge kimeoza kwa kukaa sana, na aibu ikampata alipogundua kwamba anaomba iwe hivyo. Hapo ndipo ngazi ilipopasuka. Kichwa kilitoka chini ya mbao, kikavunja vipandio kama vijiti, na meno yakafunga mahali ulipokuwa mkono wake. Aliuvuta. Haukuja wote. Vidole viwili vya mwisho vilibaki mdomoni mwa Pacha, na damu iliyoruka ilipogusa maji Pacha akawa kama amechomwa moto: akazirukia nguzo, akauma ile ya kona, akaitikisa mpaka nyumba ikalalia upande mmoja na sufuria zikaanza kuporomoka mtoni. Cenning alimshika mama yake nywele na kwapa, akamburuta ndani, wakalala sakafuni wakisikiliza meno yakitafuta njia.

Majirani walilazimika kutandika mbao kutoka varanda hadi varanda ili kuwatoa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuwatazama usoni. Mnyama yule hakuwa akiwaonea. Alikuwa anafanya kazi waliyompa.

*

Beddu alikuwa ameliteka dungu la uvuvi lililokuwa kwenye mdomo wa mto, nyumba ya miti mirefu iliyosimama ukingoni mwa tambarare la tope. Upande mmoja wa dungu kulikuwa na mkondo wa kina, alikofunga mashua zake. Upande wa pili, maji yakipwa, palibaki tope tupu hadi kwenye matuta ya kijiji.

Watu walifunga mashua. Hawakukumbuka mbao za tope. Kila mwanamke wa Muara Lappo alikuwa na ubao wake mrefu wa kuokotea kome, unaoteleza juu ya tope ukipiga goti moja na kusukuma kwa mguu wa pili. Mguu ndio uliokuwa taabu, maana tope lile linatiririka mkondoni na jasho la wayo lingekwenda nalo. Rennu aliufunga mkono wake wenye jeraha ndani ya mfuko wa plastiki, akakaza kwa mpira, akapiga magoti yote mawili juu ya ubao, akasukuma kwa mti. Ilikuwa siku ya bamvua lenyewe, maji yamepwa mbali kabisa kabla ya kurudi kwa nguvu. Jua lilimchoma. Alijipangusa jasho la uso kila hatua, akakamulia kitambaa kifuani mwake na si nje. Mara mbili alimwona Pacha kwa mbali mkondoni, akipita na kurudi.

Watu wa Beddu walimpandisha kwa kamba. Beddu mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka, akikusanya nguvu. Alikuwa amejitoa damu mara nyingi mno ili kupitisha mashua zake, alikuwa na rangi ya nta. Alipomwona dada yake alifurahi kweli, akataka apewe chai. Kisha akauona mkono.

“Nani kakukata?”

Rennu alimwambia yote bila kupunguza. Alimwambia kidonge, bakuli, majina. Alimwambia nyumba yao imetoka majini na damu yake sasa inamwita Pacha badala ya kumtuliza. Alimwambia awachukue watu wake aende zake, popote, wakati maji hayajarudi.

Beddu alimsikiliza mpaka mwisho, akiushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

“Amekukata Ambo Sakka,” alisema. “Amekukata ili niamini.”

“Ni Pacha.”

“Nitamvunja meno yote yule mzee. Kumkata mwanamke vidole kwa ajili ya uongo.”

“Beddu, nakuapia kwa kaburi la mama.”

“Na Cenning?” aliuliza, na sasa alikuwa akitabasamu. “Na mimba yake? Wewe uliyenibeba mpaka mgongo ukapinda, umtupe mjukuu wako nchi kavu kwa ajili ya watu walionichomea nyumba?”

“Ndiyo.”

“Hapana, Dada. Ningeambiwa hivyo na mtu mwingine yeyote kuhusu mtu mwingine yeyote, ningeamini.”

Yangeishia hapo kama wangekuwa peke yao. Lakini watu wake walikuwa wamesogea. Mmoja aliyeitwa Jufri, mkata mbao wa zamani kutoka juu ya mto, alitema mate na kusema kwa adabu ya uchokozi kwamba mkubwa asamehe, ila wanaokaa ndani ya mashua zile ni wao.

“Kama mama huyu anasema uongo,” Jufri alisema, “shuka majini tuone. Kama anasema kweli, hatuna haja na damu yako.”

Rennu aliona alichofanya. Alikuja na maneno ya kumzuia ndugu yake, na maneno hayohayo yalikuwa yamewapa wale watu swali ambalo Beddu angeweza kulijibu kwa mwili wake tu. Alimshika ndugu yake shati. Alimwambia Jufri amfunge, ampige, afanye lolote, asimwache ashuke. Mtu mmoja akamkamata Rennu kwa nyuma. Beddu alimfungua vidole vilivyobaki, kimoja kimoja, kwa upole, akamwambia anywe chai yake.

Alishuka ngazi ya upande wa mkondo. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakamfika kiunoni. Alikifungua kitambaa cha mkononi, akauosha mkono wake waziwazi kama mtu anayetawadha, akaita majina ya nyumba yao kwa sauti ndefu ya binti mkubwa anayelisha. Jufri na wengine waliegemea ukingo wa dungu.

Pacha hakufanya haraka. Mstari mmoja tu ulijichora juu ya maji, ukaja moja kwa moja. Beddu alimwona akija, akainua uso kumtafuta dada yake katikati ya wale watu, akamwonyesha kwa kidevu: unaona?

Akachukuliwa kiunoni. Hakupata muda wa kupiga kelele. Pacha alimwinua nje ya maji, akamzungusha, akampiga kwenye nguzo ya dungu mara moja na mara ya pili, na mara ya pili mwili ukaachana vipande viwili. Kipande cha juu kilishika ngazi. Rennu aliiona mikono ya mdogo wake ikipanda kipandio kimoja, na macho yake yalikuwa bado hayajaamini. Kisha hapakuwa na kitu ngazini.

Watu walimwachia Rennu, wakakimbilia mashua. Ilikuwa hofu tu, hawakufikiri. Kama wangefikiri wangebaki juu, maana mbele ya kila mashua mbao zilikuwa nyeusi kwa damu ya Beddu, ya safari zote zilizopita, na mara zilipolowa ilianza kuyeyuka. Mashua ya kwanza ilipasuliwa kabla injini haijawaka. Ya pili ilifika katikati ya mkondo. Waliokuwa ndani yake walifyatua risasi majini, wakamfyatulia na Jufri aliyekuwa akiogelea kuelekea kwao, kisha chombo kikainuka upande mmoja na wote wakamwagika. Wa mashua ya tatu walijaribu kurudi dunguni. Rennu alimnyooshea mmoja mti wake wa kusukumia ubao. Yule mtu aliushika vizuri, akavutwa nao.

Baadaye kulikuwa na sauti ya maji tu, yakipanda.

*

Watu walikuwa wameukosa ubao wa Rennu, na mashua kubwa ya kijiji ilifika jua likiwa bado juu. Ambo Sakka alikuwa kwenye usukani. Katikati, mbali na kingo zote mbili, Cenning aliketi juu ya magunia, amekunja miguu na kuifunika kwa turubai ili hata wayo usitoe jasho. Hakuna aliyemlazimisha kuja.

Walimshusha Rennu kwa wavu, kama mzigo, wakamweka karibu na binti yake. Ambo Sakka alizunguka dungu mara moja. Aliona vilivyokuwa vinaelea, akavua kofia yake, kisha akaivaa tena na kugeuza mashua kuelekea juu ya mto, ambako hakuna chumvi. Alimwambia Rennu kwamba kijiji kitawaletea kamba kila bamvua, maisha yao yote. Rennu alimwambia kamba hao wawale wao wenyewe.

Cenning alivua mtandio wake, akauzungushia ule mfuko wa plastiki uliokuwa umeanza kuvuja, akakaza zaidi ya ilivyohitajika.

“Ulikwenda kumwonya,” alisema. “Aliyemuua mume wangu.”

“Nilikwenda.”

“Ukamwambia yote?”

“Yote. Mpaka jina lako.”

Cenning aliyatazama maji yaliyokuwa yakipita pembeni, karibu sana, ya kahawia, na mkono wake ukarudi tumboni.

“Basi kwa nini alishuka?”

Rennu aligeuka kutazama nyuma. Mashua ilipita alama za mwisho za kijiji.

“Alisema mimi si mtu wa kufanya jambo kama lile.”